Vichwa vikubwa, miguu mifupi: tatizo ni pale unapoanzia

Mkuu, umeuliza kwa nini watu unaowachora wanatoka na vichwa vikubwa na miguu mifupi, na kama inafaa ukariri kanuni ya vichwa nane, yaani urefu wa kichwa uingie mara nane kwenye urefu wa mtu. Kariri, haina hasara, ila peke yake haitakutoa hapo.

Wengi tunaanza na kichwa. Unanogewa na macho, pua, nywele, ukija kushtuka karatasi inakaribia kuisha na magoti bado. Miguu inabanwa ili itoshee. Mimi nilipona nilipoanza kuchora kichwa mwisho. Weka alama ya utosi juu na ya visigino chini, kisha gawa katikati. Hapo katikati ni kinena, si kitovu kama wengi wanavyodhani. Gawa tena kila nusu: robo ya juu inaishia usawa wa chuchu, robo ya chini inaanzia karibu na magoti. Sasa kata ile robo ya juu mara mbili, nusu yake ya juu ndiyo kichwa. Utakiona kidogo mno, mkono utawasha kukiongeza. Kiache hivyohivyo.

Hapo umeshapata vichwa nane bila kuhesabu. Kipimo hicho ni cha zamani, Vitruvius, msanifu majengo wa Roma, alikiandika kabla ya Kristo, na Leonardo da Vinci akachora mtu wake maarufu kwa kumfuata mnamo 1490. Watu wa kawaida wengi hucheza kwenye saba na nusu, kwa hiyo usigombane na nusu kichwa. Mtoto ni habari nyingine: mchanga ana vichwa kama vinne tu, na katikati yake ni karibu na kitovu. Ndiyo maana ukimpunguza mtu mzima hupati mtoto, unapata mtu mzima mfupi.

Viganja navyo huwa vinachorwa vidogo. Weka kitako cha kiganja chako kidevuni, uone vidole vinavyofika juu kwenye paji la uso. Unyayo nao unakaribia urefu wa kuanzia kunjo la kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mikono ikining'inia, vifundo huwa usawa wa kinena na ncha za vidole katikati ya paja.

Yote hayo ni kwa mtu aliyesimama wima. Akikaa, akainama au akakunyooshea mguu, robo zako hazina kazi tena, maana paja linalokuelekea linaweza kuonekana fupi kuliko kichwa. Hapo shika penseli, nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, funga jicho moja, pima kichwa kwa kidole gumba, kisha linganisha na hilo paja. Halafu shusha mstari wima kutoka sikioni: unaangukia wapi, gotini au mbele yake? Tazama pia umbo la uwazi kati ya mkono na kiuno, ulichore lenyewe kama kitu. Kwangu hii ndiyo shule hasa. Vile vinyago vya mbao vyenye viungo sivipendi, vinakufundisha kuchora watu waliokakamaa.

Kabla ya kuweka kivuli, geuza karatasi uiangalie kwa nyuma kwenye mwanga, bega lililopanda litajionyesha lenyewe. Na kama una mchoro wa mtu aliyekaa, uweke hapa tuupime pamoja.