Pete za ndoa: dhahabu ipi, na kwa mkono wa nani?

Fundi, mimi na mchumba wangu tunalima viazi Uyole. Mama mkwe anataka pete za karati 22, anasema ndiyo dhahabu ya kweli. Dukani wanatushauri 18. Tumsikilize nani?

Mama hajakosea. Karati 22 ni dhahabu tupu kwa asilimia 91.6, ndiyo maana ndani ya pete hugongwa 916. Ya karati 18 hugongwa 750: robo tatu dhahabu, robo iliyobaki shaba, fedha na kadhalika. Tatizo ni kwamba dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini, nanyi mnashika mpini wa jembe. Pete ya 22 itakwanguka, itapinda, na upande wa kiganjani utaisha taratibu. Huwa naletewa pete zilizoingia kanisani zikiwa duara, sasa zina umbo la yai. Chukueni 18, na msikubali pete nyembamba hata ikiwa pana na ya kuvutia. Mama mkwe mnunulieni hereni za 22. Masikio hayalimi.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu Chunya. Pete yake imegeuka nyeupe upande mmoja. Tumeuziwa bandia?

Sidhani, dada. Hiyo ni zebaki. Inavyonasa vumbi la dhahabu kwenye karai ndivyo inavyonasa na pete, na weupe huo peke yake si dalili ya bandia. Usiisugue, na nakuomba sana usiiweke kwenye jiko la mkaa kama majirani watakavyokushauri. Mvuke wa zebaki ni sumu. Unaharibu neva na figo, na kwa mjamzito unamfikia mtoto. Ifunge kwenye mfuko, mpelekee sonara, mwambie mapema ni zebaki, naye awe na chombo cha kunasa mvuke. Kama hana, nenda kwa mwingine. Zebaki ikikaa muda mrefu kwenye pete, dhahabu hudhoofika na kuanza kumeguka.

Ila pete siyo inayonisumbua zaidi. Zebaki iliyofika kwenye pete imefika kwenye ngozi yake na kwenye nguo anazorudi nazo nyumbani. Avae glavu, abadilishe nguo huko huko kazini, na pete aiache nyumbani.

Mimi ni Mwislamu, naoa hapa Iringa mjini. Muuzaji anasema dhahabu nyeupe haina shida kwa mwanaume. Ni kweli?

Dhahabu nyeupe ni dhahabu. Imechanganywa na paladiamu au nikeli, halafu mara nyingi ikachovywa rodiamu, metali nyeupe, ili ing'ae. Kama unafuata katazo la wanaume kuvaa dhahabu, rangi haikuokoi. Chukua fedha ya 925. Itapata weusi, utaipangusa kwa kitambaa laini, basi. Platinamu ni nzito na bei yake si mchezo. Kama inaruhusiwa, muulize sheikh wako, mimi ni fundi tu. Bibi harusi avae ya njano akipenda. Pete kufanana si sharti la nikahi.

Vipi pete nyeusi za tungsteni? Ni nafuu na hazichubuki.

Kweli hazichubuki kirahisi. Lakini haitanuliwi wala kupunguzwa, na ikiangukia sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Ukinenepa, unanunua nyingine.

Bwana harusi yuko Dar, harusi ni Makete mwezi wa saba. Apimwe wapi?

Kidole husinyaa kwenye baridi na kuvimba kwenye joto. Pete iliyomkaa sawasawa Dar itapwaya Makete asubuhi ya Julai, na ikidondoka kwenye majani hamtaiona. Kinachoamua ni mtakapoishi. Kama ni Dar, apimwe huko jioni, pete ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo, na siku ya harusi avumilie ikicheza. Kama mtahamia Makete, mleteni mapema apimwe huku, mchana, akiwa ametulia.