Deni la 850,000: kushtaki au kupatana?

Swali: Nauza nafaka kwa jumla Kongowea, Mombasa. Kuna hoteli Bamburi niliyoipelekea mchele na maharagwe kwa miezi mitatu, wakabaki na deni langu la shilingi 850,000. Sasa ni mwaka na ushei. Baadaye sana mwenyewe akaanza kusema sehemu ya mchele ilikuwa na wadudu. Juzi ameniandikia kwenye WhatsApp kwamba atanilipa 500,000, elfu hamsini kila mwezi, tufunge mambo. Wakili niliyemwendea anataka 90,000, mpaka na gharama za dalali wa mahakama, yule anayeshika mali ya aliyeshindwa. Nipokee au niende kortini?

Jibu: Ndugu yangu, usilinganishe 500,000 na 850,000. Linganisha 500,000 na pesa ambazo kesi itakutilia mkononi baada ya kutoa gharama. Hesabu yenyewe ina namba tatu tu: nafasi ya kushinda, nafasi ya kukusanya na gharama. Ile ngumu si ya kushinda, ni ya kukusanya.

Anza na kushinda. Kama una LPO zao (barua zao za kuagiza mzigo), hati za kupokea mzigo zenye sahihi na ankara, kesi yako ni nzuri. Suala la wadudu halimpi anachodhani. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, mnunuzi aliyepokea mzigo, akakaa nao muda wa kutosha bila kusema kitu, au akautumia, hawezi tena kuukataa. Kilichobaki kwake ni kudai apunguziwe bei kwa ule ulioharibika, tena authibitishe. Tuseme una nafasi 80 kwa 100.

Sasa kukusanya. Hukumu ni karatasi mpaka upate mali ya kushika. Magari huenda logibuku zake (hati za umiliki) ziko benki, jengo ni la kukodi, na vitanda na friji akajitokeza mtu mwingine kuapa ni vyake, dalali akasimamishwa mpaka pingamizi lisikizwe. Tuseme 70 kwa 100. Zidisha: 0.8 mara 0.7 mara 850,000 ni 476,000. Toa 90,000 za wakili. Toa pia hatari ya kushindwa, kwa sababu kwa kawaida anayeshindwa hubeba gharama za mwenzake. Tukikisia gharama hizo ni 60,000, na nafasi yako ya kushindwa ni 20 kwa 100, hiyo ni 12,000. Zinabaki 374,000. Riba nimeiacha makusudi: ile ambayo mahakama inaweza kuongeza hufidia kungoja kwako kiasi fulani, ukizipata pesa. Hiyo 374,000 ndiyo sakafu yako. Chini yake, bora ushtaki.

Upande wake nao una hesabu. Akikubaliana na makisio hayo, kesi itamgharimu 476,000 pamoja na wakili wake, tuseme 80,000, jumla 556,000. Hiyo ndiyo dari yake: juu yake, bora aende kortini. Kati ya 374,000 na 556,000 kuna uwanja wa kupatana, na toleo lake, zile 500,000 alizoahidi, limo ndani. Lakini tazama kinachotokea kila mtu akiamini sheria iko upande wake. Wewe ukijipa 95 kwa 100, sakafu yako inapanda hadi karibu 472,000. Yeye akikupa 40 tu, dari yake inashuka hadi 318,000. Uwanja umekwisha, mtakutana kortini. Ndiyo maana sheria isiyoeleweka huzaa kesi: haimnufaishi mmoja, inawapa wawili matumaini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili mzuri ni kumtumia mwenzako nyaraka zote mapema. Wafanyabiashara wengi huzificha eti wamshtukize siku ya kesi. Kwa deni la namna hii ni makosa. Ukimshusha kutoka kwenye matumaini, anapandisha toleo.

Deni lako liko ndani ya uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Sheria yake ya 2016 ilianza na kikomo cha shilingi 200,000. Marekebisho ya 2020 yakakipandisha hadi 1,000,000 na kuweka siku 60 za kumaliza kesi tangu ifunguliwe. Badiliko hilo limekusaidia kuliko wakili yeyote, kwa kuwa mdaiwa aliyezoea kukuchosha kwa miaka hana tena miaka hiyo. Unaweza kujisimamia mwenyewe, Kiswahili kinaruhusiwa, kanuni kali za ushahidi hazifuatwi, kuahirisha ni kwa dharura tu, na rufaa kwa Mahakama Kuu ni juu ya hoja za sheria peke yake. Usiligawe deni kuwa kesi mbili, hairuhusiwi.

Hata hivyo Bunge halikueleza vizuri siku ya 61 kunakuwaje. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana: wengine wakasema hukumu iliyochelewa ni batili, wengine wakasema mwenye haki asiadhibiwe kwa ucheleweshaji wa mahakama. Kifungu kilichokusudiwa kuokoa muda kikazaa rufaa zake. Jilinde: samansi ifike mara moja, kiapo cha kuifikisha kiwekwe kwenye faili, na usiombe kuahirishwa hata kama hakimu ni mpole. Kama unategemea ujumbe wa simu au taarifa ya M-Pesa, ambatanisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Hata kama mahakama hii si kali, rufaani hutaki swali hilo.

Kosa linaloua kesi nyingi za namna hii ni jina. Ubao wa hoteli si mtu wa kushtakiwa. Angalia jina lililo kwenye LPO na malipo yaliyotangulia, kisha utafute kwenye msajili wa makampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama ni kampuni, chukua CR12, hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Deni ni la kampuni, si la mkurugenzi, na ile 70 kwa 100 niliyokupa inategemea mali ya kampuni yenyewe. Kama ni jina la biashara tu, mshtaki mwenye kulisajili. Ukigundua kampuni ni ganda tupu, shusha 70 iwe 30 na upige hesabu upya: sakafu inaanguka hadi kama 102,000, na elfu hamsini za kila mwezi zinaanza kupendeza.

Kuhusu toleo lake, tatizo si kiasi, ni miezi kumi isiyo na dhamana. Ukiona atalipa wastani wa awamu sita kisha anyamaze, toleo ni 300,000, chini ya sakafu yako. Shauri langu: tuma notisi ya madai ya siku 14, fungua kesi, halafu ndipo mpatane. Dai 200,000 mara moja na awamu sita za 50,000, makubaliano yaandikwe na kuandikishwa kortini yawe amri. Muweke kifungu kwamba akikosa awamu moja, 850,000 yote inarudi, ukitoa alizolipa, na unatekeleza bila kesi mpya. Makubaliano ya WhatsApp hayakupi hilo. Akiyavunja unaanza upya.

Muda unao, kwani madai ya mkataba huisha baada ya miaka 6. Kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi, au kulipa sehemu yake, huanzisha hesabu hiyo upya, basi ukipokea hata elfu hamsini ya kwanza andika risiti isemayo ni sehemu ya 850,000. Ukiandika “malipo ya mwisho” umemsamehe kwa mkono wako. Na ule ujumbe wake wa juzi usiutegemee kama kukiri: alikuwa akitafuta suluhu, na wakili wake atasema maneno ya mapatano hayasomwi mahakamani.