Jotoardhi halizalishwi

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Nakuru ameniletea sentensi aliyoikuta katika habari: "Kampuni imeanza kuzalisha jotoardhi hiyo kutoka katika visima virefu." Wanafunzi wake wamegawanyika. Wengine wanataka "jotoardhi hiyo", wengine "jotoardhi hilo", naye anaomba hukumu.

Hukumu ni "jotoardhi hilo". Neno ambatani la namna hii hufuata ngeli ya neno linalobeba maana kuu, na hapa mbebaji ni joto. Ardhi imekuja kutueleza tu kwamba joto lenyewe ni la wapi. Ndiyo maana tunasema "kiinimacho hiki", wala hakuna anayesema "kiinimacho haya" kwa kuwa neno limeishia na macho. Kwa wanaopenda nasaba, joto ni la Kibantu, ndugu wa moto na wa kitenzi kuota kama katika kuota moto, na ardhi tumeipokea kutoka Kiarabu. Swali limekwisha.

Lakini, mwalimu, wanafunzi wako wameking'ang'ania kibanzi wakaiacha boriti. Kosa kubwa la sentensi ile ni "kuzalisha". Siku hizi kitenzi hiki kimeajiriwa kila mahali: viwanda huzalisha ajira, mikutano huzalisha maazimio, mvua huzalisha mafuriko, na sasa kampuni huzalisha joto ambalo lilikuwa ardhini kabla ya kampuni, kabla ya mkoloni na kabla ya binadamu wa kwanza kupita Bonde la Ufa. Sehemu ya joto hilo ni masalio ya kuumbika kwa dunia, na sehemu nyingine hutokana na kuvunjika polepole kwa urani, thori na potasi zilizomo katika miamba. Kama yuko mwenye haki ya kusema "ninazalisha jotoardhi", basi ni mwamba, nao haujawahi kutoa taarifa kwa vyombo vya habari.

Tazama kinachofanyika Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Wachimbaji hushuka hadi kina cha mita 3,000 hivi, mahali penye nyuzi joto zaidi ya 300 za Selsiasi. Maji yaliyomo katika nyufa za mwamba hubeba joto hilo na kupanda nalo. Mvuke hutengwa na kupelekwa kuzungusha mitambo, na maji yanayobaki hurudishwa chini kupitia visima vingine. Katika safari yote hiyo, kinachotengenezwa ni umeme peke yake. Kwa hiyo "kuzalisha umeme" nakuvumilia, ingawa "kufua umeme" kwa Watanzania kunanipendeza zaidi, na wanaokicheka kitenzi hicho kwa kudhani kwamba umeme unaloweshwa katika beseni wamesahau kwamba hata mhunzi hufua chuma. Joto lenyewe halikufuliwa wala halikuzalishwa. Limetekwa, kama tunavyoteka chochote kilichomo kisimani. Anayeona kwamba kuteka kunanuka utekaji nyara na atumie "kuchota", au aseme tu "kutoa".

Najua nitaambiwa kwamba huku ni kuchambua mchele kwa darubini. La hasha. Anayedhani kwamba anazalisha huamini kuwa akiongeza mashine ataongeza mazao, ilhali anayeteka hujua kwamba kisima kina kiasi chake. Katika eneo la The Geysers, kaskazini mwa San Francisco huko California, mitambo iliongezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha mvuke ukaanza kupungua kwa sababu ulikuwa unatolewa kwa kasi kuliko maji yalivyokuwa yakirudi ardhini. Joto la mwamba lilikuwapo bado. Kilichokosekana ni cha kulibeba. Ikabidi watandaze mabomba ya kuleta majitaka yaliyosafishwa, kwanza kutoka Lake County mwaka 1997, kisha kutoka Santa Rosa mwaka 2003, na kuyamimina chini.

Mjanja mmoja aliwahi kunijibu kwamba hata mkunga humzalisha mama bila kumuumba mtoto, kwa hiyo kampuni nayo inaweza kuizalisha ardhi. Hoja ni nzuri, na ningeshindwa kama joto lingekuwa linatoka tu. Lakini linaingizwa pia. Katika mji wa Okotoks, mkoa wa Alberta nchini Kanada, nyumba 52 ziliunganishwa kuanzia mwaka 2007 na visima 144 visivyofika mita 40 kwenda chini. Joto la jua lililonaswa juu ya paa za gereji wakati wa kiangazi lilishushwa ardhini, likawekwa akiba, na kutolewa theluji ilipoanguka, hata likatosheleza zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji ya kupasha nyumba joto. Sijasikia mkunga anayemrudisha mtoto alikotoka mwezi wa Julai ili ampokee tena Januari. Hapo vitenzi vyetu vya ghalani vinatosha kabisa: kuhifadhi, kuweka akiba, kutoa.

Wahandisi wamekwisha kuzoea "visima vya uzalishaji", nami sitawafuata kwenye mitambo yao kuwanyang'anya jina la kazi. Waandishi wa habari hawana udhuru huo.

Limebaki neno "virefu", ambalo nilikuwa nimelinolea kisu kwa sababu kisima hupimwa kwa kina, nikakirudisha alani. Visima vingi vya Olkaria huanza kwa kushuka wima, kisha hupindishwa kuufuata mwamba wenye nyufa, kwa hiyo urefu wa tundu lenyewe huzidi kina chake. Mwandishi aliyeambiwa "mita 3,000" aulize kwanza ni za kipi, ndipo achague neno.