Barua kwa mwanangu: kopo la Africafé

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na dada yako. Unauliza ile chupa ya kijani uliyoniletea kwa mkono wa mtoto wa Bi Rukia nimeiweka rafu gani ya friji, na kama karatasi iliyomo ndani nimeijaza. Chupa ipo. Hilo la rafu nitalifikia.

Nilipokuja huko Uingereza, Leicester, mwaka 2019 kulea uzazi wa mkeo, nilimwona yule bibi wa mlango wa pili nayo, ukanieleza. Lions Club, wale watu wa kujitolea, wanaigawa bure, mtu anaandika maradhi yake na dawa zake, anaitia kwenye friji, kisha anabandika alama ya msalaba wa kijani nyuma ya mlango wa mbele na nyingine kwenye friji. Watu wa ambulensi wakiingia wanaona alama, wanakwenda moja kwa moja jikoni. Friji haihami, na kila nyumba inayo. Nilisema siku ile kwamba hawa watu wana akili, na bado nasema. Lakini hapa Makorora, Tanga, nikianguka leo, anaingia nani? Anaingia Mama Zuwena kwa mlango wa uani, na nyuma yake Juma wa bajaji. Namba ya simu ya dharura, 115, tunaijua kwa wajawazito na vichanga. Mama Zuwena akiuona msalaba wa kijani atadhani nimefungua duka la dawa.

Mgonjwa hasemi, husemewa. Umenisikia nikisema hivi tangu ukiwa kidato cha sita, mkawa mnanicheka wewe na dada yako. Sasa nikwambie nilikolitoa, maana habari ile unaijua kwa mdomo wa shangazi yako, na shangazi yako habari haipeleki mbichi, lazima aiunge nazi.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2012. Wewe uko bweni Moshi. Baba yako, Mungu amrehemu, siku ile hakuwa na safari ya kupeleka basi Dar, alikuwa amepumzika barazani. Alasiri akaanza kutoka jasho mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Nikamuuliza una nini, akanijibu habari za tairi. Nikadhani ananitania. Karibu na magharibi akawa haeleweki kabisa, ulimi mzito kama mlevi, kisha akalala chali. Mmoja anasema saumu na jua, mwingine anasema presha. Mzee Shaaban akataka tumnyweshe maji ya sukari, lakini mdomo haumezi, yakawa yanamwagika kidevuni. Konda wake akatokea, akambeba peke yake mpaka kwenye bajaji. Sitamsahau yule kijana.

Hospitali nesi akaniuliza, huku mkono unafanya kazi: ana ugonjwa gani wa kudumu? Nikasema hana. Anatumia dawa gani? Hatumii. Amekunywa kwinini? Hapana. Pombe? Nikakasirika. Akamchoma kidole, kile kidude kikasoma 1.8. Mimi ile namba haikunipa maana yoyote, lakini niliona nesi ameongeza mwendo. Wakamtundikia dripu ya sukari. Salim, hazikupita dakika nyingi, baba yako akafumbua macho akauliza kama watu wamefuturu.

Wakamuuliza yeye mwenyewe sasa. Baba, una sukari? Akasema hana. Una dawa unakunywa? Hakuna. Kwa sauti ile yake ya stendi, konda kasimama miguuni pa kitanda.

Usiku wa manane ameshaanza kudai nguo zake arudi nyumbani. Saa kumi alfajiri nikaenda nyumbani kumpikia uji na kuchukua shuka. Usingizi umenishika, nikasema leo na mimi ninywe kahawa. Unajua mimi na kahawa. Lile kopo la Africafé lilikuwa lake peke yake, hakuna aliyeligusa. Nikalitikisa kuona kama imebaki. Likalia kaka-kaka-kaka, kama njuga. Nikafungua. Vidonge, vimekatwa viwili viwili na makasi, na bahasha ya kaki imeandikwa "1x2" tu, haina jina la mtu wala la dawa. Nilikaa chini pale jikoni. Miaka 31 ya ndoa, mwanangu, na nimesimama mbele ya nesi nimesema hana ugonjwa wowote.

Nilirudi na kopo nimelikumbatia. Nikamkuta ameanza tena jasho, anazungumza na tairi lake. Nesi akakimimina kitu chote kitandani, akageuza vile vipande mpaka akapata kimoja kilichobaki na maandishi: glibenclamide, miligramu 5. Akasema, "Mama, hii ni dawa ya kushusha sukari, ndiyo inayomrudisha chini." Akanieleza kwamba dripu inaisha lakini kidonge bado kinafanya kazi mwilini, saa nyingi, kwa hiyo mtu anazinduka, anaonekana mzima, mnamrudisha nyumbani, anaanguka tena usingizini. Yeye alikuwa anakimeza wakati wa daku kisha anafunga mchana kutwa. Wakamweka siku mbili. Wewe tukakwambia malaria.

Nani mwenye kosa hapo? Nimebishana na nafsi yangu miaka yote hii. Nikisema ni yeye, najibiwa: dereva wa basi akijulikana ana sukari, nani atampa gari? Ada yako ya Moshi ilitoka kwenye ule usukani. Haya, basi nasema si kosa lake. Hapo hapo nawakumbuka abiria wa Tanga na Dar, watu hamsini na kitu na watoto wao, na yeye mbele yao na kidonge tumboni, na nashika kichwa. Na mimi je? Mke gani haoni mumewe anaamka kukojoa mara nne usiku? Niliona. Nilisema uzee. Ninalo neno la kusema juu ya baba yako, na linanikaa hapa kooni, lakini hayupo kujitetea. Siku ukija uso kwa uso labda.

Kwa hiyo usidhani nakataa karatasi. Kilichonitia uzito ni kuona maradhi yangu yananing'inia jikoni, kila anayekuja kuomba chumvi ayasome. Wewe hujaishi mtaa ambao kadi ya kliniki ya mtu ikionekana, kesho hanunuliwi maandazi yake. Basi ndiyo nikaona na mimi nimeshika kopo la Africafé, ila langu ni la kijani.

Nimeijaza. Presha, amlodipine miligramu 5 asubuhi, jina nimelinakili kwenye boksi herufi kwa herufi. Dawa za salfa sitaki kupewa, nimeandika kwa herufi kubwa: Fansidar ilinibabua midomo na Septrin hivyo hivyo, unakumbuka nilivyovimba siku ya arusi ya Mwajuma. Pale pa kundi la damu nimepaacha. Nesi yule aliniambia watapima wenyewe, hawamwekei mtu damu kwa kuamini karatasi. Tarehe nimeiandika kwa penseli, maana dawa zinabadilishwa, na karatasi ya zamani nayo inasema uongo.

Haimo kwenye chupa. Umeme ukikatika siku mbili tunalitoa friji kila kitu, chupa yako itaishia kwa watoto. Karatasi moja imo kwenye mfuko wa kadi ya bima, umetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, na dawa zenyewe humo humo na maboksi yake. Nakala nimempa Mama Zuwena, imefungwa kwenye bahasha. Nimemwonyesha mfuko, nikamrudisha hadi uani, nikamwambia nimeanguka, haya nenda. Aliufikia kabla sijamaliza kuhesabu ishirini, na anavyotembea unamjua. Mgonjwa hasemi, husemewa, na mimi wa kunisemea ni yeye.

Chupa yako nimetia iliki. Inafunga vizuri sana.

Jambo la mwisho, na usinune. Pale panapoulizwa mtu wa kupigiwa simu nimemwandika Mama Zuwena wa kwanza, Juma wa bajaji wa pili, dada yako wa tatu. Wewe ni wa nne. Simu ikilia Leicester saa tisa usiku utanifanyia nini zaidi ya kulia?

Wasalimie wote, na mtoto avae soksi.

Mama yako