Ukilamba ree, tazama juu

Swali lenu la wiki linasema: kwenye safari ndefu ya ndege, jirani wa kiti ni wa kupiga naye soga au wa kuachwa alale? Nimelisoma nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa kati ya begi la mtu na kwapa la mtu, na jibu likanijia kabla hatujafika Fire: aachwe alale. Ukimchokoza atakuuliza unakwenda wapi, akishajua wapi atauliza kufanya nini, na hapo ndipo mtu mzima unapoanza kudanganya.

Kwa hiyo naomba nijibu swali la nyumba ya pili: ukishaamua kuongea naye, umwambie kweli?

Mimi ni mhasibu, tena ninacheza poka, zile karata za pesa. Mwishoni mwa Mei 2016 nilikuwa nakwenda Las Vegas kwenye World Series of Poker, mashindano yanayochezwa mji ule tangu 1970. Siyo yale ya kiingilio cha dola 10,000 yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Yangu yaliitwa Colossus, kiingilio dola 565, shilingi milioni moja na ushee kwa wakati ule, na mwaka huo vililipwa viingilio 21,613, kwa hiyo msinione mtu wa maana. Nyumbani nilisema kweli, nikanuniwa wiki nzima. Ofisini nilisema likizo. Kwa ajili ya njiani nikajiandalia uongo mmoja safi: semina ya uhasibu.

Dar mpaka Dubai hakuna la kusimulia. Ndege zile mnazijua, nusu ya Kariakoo imo ndani inakwenda Guangzhou. Jirani yangu, muuza mapazia, aliposikia semina akaniuliza kwa sauti ya chini kama Rais Magufuli ameshawafungulia watumishi wa serikali safari za nje. Nikamwambia mimi ni wa sekta binafsi. Akashusha pumzi kwa niaba yangu, akalala. Abiria mzuri sana yule.

Dubai mpaka Los Angeles ni kama saa kumi na sita. Nilipangiwa katikati. Kushoto kijana aliyeanza kukoroma kabla ndege haijaondoka. Kulia bi mkubwa mmoja, baibui na mtandio, kikapu cha ukili hataki kabisa kiwekwe juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi?"

"Tabata."

"Mimi Magomeni Mapipa. Nakwenda kumwona mjukuu, nirudi. Wewe wafuata nini?"

"Semina ya uhasibu."

"Masikini," akasema. Mpaka leo sijajua alimaanisha nini.

Baada ya filamu mbili na usingizi wa kuibia, vidole vikaanza kuniwasha. Nikatoa karata zangu, nikawa nazichanga juu ya kimeza, kuchanga tu, kama mwingine anavyovuta tasbihi. Bi mkubwa alikuwa amefumba macho. Akasema bila kuyafumbua: "Kumbe semina yenyewe ya karata." Kisha akayafumbua. "Wahedi wa sitini waijua?"

Niliwahi kuiona ikichezwa barazani kwa babu, basi. Akazichambua karata zisizotakiwa, akazisokomeza kwenye mfuko wa kiti pamoja na kadi ya maelekezo ya usalama, akanifundisha kulamba karata, yaani kuiokota kwenye fungu, na kuhesabu pointi. Ree, ile yenye herufi A, pointi 11, saba 10, kisha wazungu, zile za picha: wa nne, yaani mfalme, 4, wa tatu 3, wa pili 2; garasa, yaani zilizobaki, hazina kitu. Jumla 120, wa kwanza kufika 61 kashinda. Nilipata taabu na ile saba. Kwenye poka ukigawiwa saba na mbili za rangi tofauti hakuna mkono mbaya kuliko huo, unautupa bila kufikiri. Mimi nikawa nazitupa saba kama ganda la ndizi, yeye anaziokota kumi kumi.

Na alikuwa hachezi kimyakimya. Turufu hailazwi, inabamizwa. Vimeza vya ndege, kama mnavyojua, vimefungwa mgongoni kwa abiria wa mbele, na kila bi mkubwa alipokula karata zangu, mzee mmoja wa Kihindi mbele yetu alikuwa anaruka kidogo. Akaja mhudumu kutuomba, kwa adabu kubwa, tupunguze. Bi mkubwa akampa kashata. Mhudumu akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka, mchezo ukaendelea.

Alinifunga mara ya kwanza, nikasema bahati. Mara ya tatu nikasema ugeni wa mchezo. Kufika ya saba nikawa nimenyamaza.

Karibu na kutua zikagawiwa zile fomu za forodha. Miwani yake ilikuwa imezama kikapuni, akanipa nimjazie. Nikafika pale panapouliza kama umebeba chakula. Akasema andika hapana. Nikamwuliza kikapuni mna nini. Dagaa, achari ya embe, ubuyu wa mjukuu. Nikamweleza kwamba ukidanganya hapo kuna faini. "Dagaa si chakula," akasema, "ni kitoweo." Nikaweka alama ya ndiyo. Akaguna.

Nikahamia fomu yangu. Nayo ina swali hili: lengo kuu la safari yako ni biashara? Ndiyo au hapana. Peni ikasimama.

"Wewe hapo umejibu nini?" akauliza.

"Ndiyo. Semina."

"Umemeza mate."

"Koo limekauka, mama."

"Vivyo hivyo ulikuwa ukimeza kila ukilamba ree. Nimekula pointi zako zote kwa hilo koo."

Nikamwambia kila kitu: Las Vegas, dola 565, nyumbani kununiwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, la kwanza, kamari ni haramu, asije akaulizwa kesho kuwa hakuniambia. La pili, ukilamba ree usitazame karata, tazama juu.

Siku mbili baadaye niko Rio, hoteli ya Las Vegas yalipochezwa mashindano, ukumbi mkubwa, kelele za vibao vya kuchezea kama mvua ya mawe juu ya bati. Ree mbili mkononi huja kwa wastani mara 1 katika mara 221. Zikanijia. Nikakumbuka, nikatazama juu. Nikakazia macho taa ya dari kwa nguvu zote, sijameza chochote, mpaka mama wa Kimarekani pembeni akaniuliza kama najisikia vizuri. Meza nzima ikatupa karata. Nikaambulia yale madau madogo ya lazima tu, basi. Kabla ya chakula cha jioni nilishatolewa, mkononi nina wazungu wa nne wawili.

Sasa jibu. Nilianza na aachwe alale, na kwa safari ya Dar mpaka Dubai bado nashikilia hapo hapo. Ikizidi saa kumi, ongea naye, na kweli umwambie, kwa kuwa ataijua tu. Ila kama ana umri wa mama yako na ametoka Magomeni, karata ziache kwenye begi la chini. Au usiziache. Nikihesabu pesa zote nilizotumia safari ile, saa tatu za kile kimeza ndizo ninazozisimulia, za Rio hata mke wangu hajawahi kuniuliza.

Kinachoniwasha ni ile alama ya ndiyo. Los Angeles mimi nilipita. Yeye, kwa sababu ya alama yangu, akaelekezwa foleni ya kukaguliwa. Mara ya mwisho namwona, afisa alikuwa ameshika dagaa mmoja kwa mkia anamtazama kwenye mwanga, na bi mkubwa anamweleza jambo kwa Kiswahili. Kama kuna msomaji wa Mapipa ambaye mama yake alitua kule siku hizo na kikapu cha ukili, naomba aniandikie kupitia kwenu: wale dagaa walifika kwa mjukuu?