Kimbari au halaiki? Na ni nani hasa aliyewaua Waherero?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha historia sekondari. Mimi na wanafunzi wangu tunaandaa bango la ukutani kuhusu Waherero na Wanama wa Namibia, maana darasa zima hakuna aliyewahi kuwasikia. Tumeandika: "Mauaji ya halaiki ya Waherero: maelfu waliuawa na kiu jangwani, 1904." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili anasema tumepatia, kwa kuwa "kimbari" ni ya Rwanda tu. Mimi moyo hautulii. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa bango hilo. Moyo wako umekuambia kweli, ila kosa kubwa la sentensi yenu haliko pale mnapobishania. Tuanze na ubishi wenu, kisha tutalifikia.

Halaiki ni watu wengi waliokusanyika. Ndiyo maana watoto wanaopanga maumbo uwanjani siku za sherehe za kitaifa tunawaita watoto wa halaiki. Bomu likilipuka sokoni likaua mia, hayo ni mauaji ya halaiki: wameuawa wengi kwa mkupuo, yeyote aliyekuwepo. Neno linahesabu vichwa. Haliulizi vichwa hivyo ni vya nani wala kwa nini vimechaguliwa.

Kimbari limetokana na mbari. Mbari ni ukoo, watu wa nasaba moja. Wakikuyu nao wanalo neno hilo hilo kwa maana ya ukoo. Wapo wanaolalamika kwamba neno ni dogo, kwa sababu taifa zima si ukoo mmoja, na hoja yao ina uzito. Lakini linabeba kile ambacho halaiki haikibebi: mtu anauawa kwa sababu ya alikozaliwa. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, alipounda neno la kimataifa la uhalifu huu, "genocide", mwaka 1944, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya kabila au nasaba, akaliunganisha na la Kilatini la kuua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 ukaweka sharti: lazima iwepo nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, lote au sehemu yake. Kwa hiyo kimbari si mali ya Rwanda. Masikio yetu yamelizoea kupitia Rwanda ya 1994 na kesi zilizosikilizwa Arusha, basi. Uhalifu wenyewe umetendwa kwingi.

Je, Namibia, wakati huo koloni la Ujerumani, nia ilikuwepo? Ilikuwepo, na iliandikwa. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha, aliyewahi kuongoza majeshi huku kwetu Afrika Mashariki ya Kijerumani miaka ya 1890, alitoa tangazo kwamba ndani ya mipaka ya Kijerumani kila Mherero, mwenye bunduki au asiye na bunduki, mwenye ng'ombe au asiye na ng'ombe, atapigwa risasi. Lisome tena polepole. Asiye na bunduki si mpiganaji. Kinachomfanya auawe ni kuwa Mherero tu. Hapo halaiki haitoshi kabisa, andikeni kimbari.

Sasa kosa lenyewe: "waliuawa na kiu". Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtendaji na "kwa" hutaja chombo. Mlango umefunguliwa na Asha kwa ufunguo. Mkisema "waliuawa na kiu", kiu ndiyo imekuwa muuaji, na jenerali ametoka kwenye sentensi mikono yake ikiwa safi. Jangwa la Omaheke halikuwaita Waherero. Baada ya mapigano ya Agosti 1904 huko Waterberg, ambayo wao huyaita mapigano ya Ohamakari, walikimbilia jangwani na wake zao, watoto wao na mifugo yao, na askari wakawafuata, wakashika visima, wakaziba njia ya kurudi. Doria za baadaye zilikuta mashimo makavu yaliyochimbwa mchangani, marefu kuliko kimo cha mtu, na mifupa imeyazunguka. Waliochimba yale mashimo waliuawa na jeshi kwa kiu. Herufi chache zinabadilika, na muuaji anaonekana.

Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu hata historia yetu tunaiandika hivyo. Tunasema watu wa kusini "walikufa kwa njaa" baada ya Maji Maji, kana kwamba mvua ilikosekana tu, wakati mashamba na maghala yalichomwa makusudi.

Na lipo la tatu, dogo. "Mauaji ya Waherero" yana utata: wameua au wameuawa? Kihusishi "ya" kinaruhusu yote mawili. Tumieni "dhidi ya". Umoja wa Mataifa nao mwaka 2018 uliona haja ya kusema waziwazi "dhidi ya Watutsi" katika jina la siku ya kumbukumbu ya 1994.

Wanama msiwaache nje ya kichwa cha habari. Wao walipigana na Wajerumani kuanzia Oktoba 1904, na wengi wao, pamoja na Waherero waliosalia, waliishia kwenye kambi za mateso kama ile ya Shark Island, Lüderitz. Wafungwa wanawake walilazimishwa kukwangua vichwa vya maiti kwa vipande vya vioo ili mafuvu yapelekwe Ujerumani kwa "utafiti". Inakadiriwa Waherero walikuwa 80,000 hivi. Waliobaki ni kama 15,000. Wanama, kati ya 20,000, nusu yao waliangamia.

Wanafunzi wako wataguswa pia wakijua kwamba Kiherero ni Kibantu. Mtu wao humwita omundu, watu ni ovandu, na ng'ombe ni ongombe. Wenyewe hujiita Ovaherero.

Mwenzako akiendelea kubisha kwamba ni neno tu, mwambie serikali ya Ujerumani ilichukua zaidi ya karne kulitamka rasmi. Mei 2021 ililitamka kwa kuongeza "kwa mtazamo wa leo", ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na ikakataa kuziita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakayapinga makubaliano hayo, pamoja na mengine, kwa sababu ya neno "fidia" lililokosekana.

Bango lenu basi lisomeke hivi: "Mauaji ya kimbari dhidi ya Waherero na Wanama, Namibia, 1904–1908. Maelfu waliuawa na jeshi la Ujerumani kwa risasi, kwa kiu, kwa njaa na kambini." Mkiweza libandikeni kabla ya 28 Mei, siku ambayo Namibia imeitenga kuwakumbuka.