Rangi nyeupe ikae kwenye sifuri

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini ramani yako ya mvua za masika mkoani Tanga inaipaka Muheza rangi ya ukame, ilhali takwimu zako zinaonyesha kwamba wilaya hiyo ilipata milimita 40 zaidi ya wastani. Kosa hilo nililifanya nami hapa hapa Tanga mjini, na aliyelibaini ni bwana shamba wa Handeni, ambaye aliijua mvua iliyonyesha mashambani kabla hajaziona rangi zangu.

Takwimu zako hazina kosa. Matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu katika lugha ya Python, isipoelekezwa, huchukua thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa, kisha huiweka rangi ya kati nusu ya njia baina yake. Thamani zako, yaani milimita zilizopungua au kuzidi wastani, zinaanzia -60 hadi +180, kwa hiyo weupe, ambao ndio rangi ya kati, umeangukia +60, na kila wilaya iliyo chini ya hapo imeingia upande wa kahawia, yaani wa ukame, hata kama ilipata mvua ya ziada. Rangi mbili zinazoachana kutoka katikati zina maana pale tu ambapo katikati hiyo ni thamani anayoielewa msomaji, nayo kwako ni sifuri, yaani wastani wenyewe.

Wengi watakushauri utumie TwoSlopeNorm, kipimo cha rangi cha Matplotlib chenye pande mbili, pamoja na vcenter=0, yaani katikati iwe sifuri. Weupe utarudi kwenye sifuri, lakini kila upande utanyooshwa kwa kipimo chake, hivyo upungufu wa milimita 60 utakolea sawa na ziada ya milimita 180, na mkulima atakayeitazama ramani atadhani pametokea ukame mkubwa. Njia hiyo ningeitumia kwa ramani inayochanganya urefu wa milima ya Usambara na kina cha bahari, ambako pande mbili hazilinganishwi. Kwa mvua napendelea CenteredNorm, inayozipa pande zote mbili kipimo kimoja na iliyoongezwa katika toleo la 3.4 la Matplotlib, au kuandika mipaka ya chini na ya juu, vmin=-180 na vmax=180, ili ukolevu uleule umaanishe umbali uleule kutoka kwenye wastani. Kahawia iliyokoza haitaonekana popote, na ndivyo inavyopasa, kwani hakuna wilaya iliyokauka kiasi hicho. Wanaotumia lugha ya R hupata matokeo hayo kwa scale_fill_gradient2, ambayo huiweka katikati kwenye sifuri bila kuambiwa.

Ukigeuza takwimu ziwe uwiano wa mvua kwa wastani, chukua kwanza logi ya kizio cha 2, ili nusu ya wastani iwe -1 na mara mbili yake iwe +1. Bila hivyo upande wa ukame utabanwa.

Kuhusu rangi zenyewe, tumia BrBG (kahawia hadi kijani-buluu) badala ya RdYlGn (nyekundu hadi kijani), kwa sababu wapo wasomaji wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Na ramani yako ya pili, ile ya jumla ya mvua, haina katikati yoyote ya kuheshimu, hivyo ipe rangi moja inayokolea kadiri mvua inavyoongezeka.